MIZANI INA VITANGA VIWILI
Somo la kupima habari za korona na dawa zake

Kuna dawa ambayo watu wengi wa Mafia wamekwisha kuimeza, ingawa si wengi wanaolijua jina lake. Mgawa dawa alikuja kijijini. Alikusimamisha wima na kukupima urefu kwa fimbo yenye alama. Halafu alihesabu vidonge kufuatana na urefu wako, nawe ukavimeza mbele yake. Hiyo ni dawa ya kukinga matende na mabusha.

Mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianza kugawa dawa mwaka 2000, na wilaya ya kwanza kabisa kupewa dawa hizo ilikuwa Mafia. Dawa zilikuwa mbili. Moja inaitwa albendazoli. Ya pili, ile iliyopimwa kwa fimbo, inaitwa ivamektini. Lishike jina hilo la pili, maana somo letu la leo linalihusu.

Ugonjwa wa korona ulipoingia duniani, neno lilienea nchi nyingi: "Ivamektini inatibu korona!" Watu wengine waliinunua kwa bei kubwa. Wengine walikunywa hata ile iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe na farasi. Wengine walikataa chanjo wakisema, "Ya nini chanjo, na dawa ipo?"

Je, neno hilo lilikuwa la kweli? Leo tutalifuata tangu lilipoanza hadi lilipopimwa. Tukimaliza, tutakuwa na maswali manne ya kupimia habari yoyote ya dawa, iwe imetoka redioni, kwenye simu, msikitini, kilabuni au bandarini.

KORONA ILIVYOFIKA KWETU

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokuwa.

Mgonjwa wa kwanza wa korona katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Alikuwa msafiri aliyefika Arusha kutoka Ubelgiji. Siku iliyofuata serikali ilitangaza kufunga shule. Ugonjwa huu kitaalamu huitwa UVIKO-19.

Mwezi Mei 2020 hesabu ya taifa ilifikia wagonjwa 509 na vifo 21. Hapo hesabu ikasimama. Kwa zaidi ya mwaka mmoja haikuongezwa. Watu wengi walidhani kwamba ugonjwa nao umesimama. Lakini ukiacha kuhesabu minazi yako, minazi haiachi kuwapo shambani. Mwishoni mwa Januari 2021, chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameambukizwa korona. Alifariki katika Hospitali ya Taifa Muhimbili tarehe 17 Februari 2021.

Tarehe 24 Julai 2021 nchi yetu ilipokea dozi 1,058,400 za chanjo ya Johnson & Johnson. Tarehe 28 Julai Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, na chanjo ikaanza kutolewa.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena. Sikiliza vizuri maneno hayo. Kilichokwisha ni dharura. Ugonjwa wenyewe haukutangazwa kwisha. Virusi vya korona bado vinazunguka, na wazee pamoja na wagonjwa wa kisukari, moyo na shinikizo la damu bado wanaweza kuumia sana.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu watu wa visiwani. Mtu wa Jibondo, Juani au Chole akishindwa kupumua, lazima avuke maji kwanza ili afike hospitali ya wilaya, Kilindoni. Akihitaji hospitali kubwa zaidi, lazima avuke bahari kwenda bara. Kusi likivuma, chombo husubiri. Mapafu hayasubiri. Kwa hiyo mtu wa Mafia akiamini dawa isiyofaa, anapoteza fedha, na anapoteza pia siku ambazo chombo kingeweza kuvuka.

NENO LILIANZA KATIKA CHOMBO CHA MAABARA

Sasa tulifuate lile neno.

Mwezi Aprili 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash na wenzao, huko Australia, walitoa habari. Walikuwa wameweka virusi vya korona katika chombo cha maabara, pamoja na chembe hai. Wakatia ivamektini. Baada ya siku mbili virusi vilikuwa vimepungua sana.

Habari hiyo ilikuwa ya kweli. Watafiti hawakusema uongo. Lakini kiasi cha dawa walichotia kilikuwa kikubwa kupita kiasi kinachoweza kufika katika damu ya mtu aliyemeza dozi ya kawaida.

Fikiri hivi. Maji yanayochemka huua virusi ndani ya sufuria. Hakuna abishaye. Je, unaweza kumimina maji yanayochemka ndani ya mapafu ya mgonjwa? Kumbe kuua virusi ndani ya chombo ni jambo moja, na kumponya mtu ni jambo jingine.

Tena ivamektini ni dawa ya minyoo. Huua vijiminyoo vya matende vinavyotembea katika damu usiku. Kirusi cha korona si mnyoo. Hakina misuli wala mishipa ya fahamu ambayo dawa hiyo huishambulia. Jembe zuri la shambani halifai kuwa kasia. Hiyo haina maana kwamba jembe ni baya.

Basi hapa tunapata swali letu la kwanza:

SWALI LA 1: Dawa hii imejaribiwa wapi? Ni ndani ya chombo cha maabara, kwa wanyama, au kwa watu?

"FULANI ALITUMIA AKAPONA"

Neno lilipotoka maabara likaenda mitaani. Huko likapata nguvu mpya. Watu wakasema, "Jirani yangu aliimeza akapona."

Hebu tusome mazungumzo haya ya mfano kati ya bibi na mjukuu wake aliyerudi kutoka Dar es Salaam.

MJUKUU: Shikamoo, bibi.

BIBI: Marahaba, mjukuu wangu. Habari za huko?

MJUKUU: Nzuri, bibi. Nimekuletea dawa ya korona. Rafiki yangu aliinywa, siku ya tano akawa mzima kabisa.

BIBI: Alhamdulillahi. Na nyumbani kwake waliugua wangapi?

MJUKUU: Waliugua wanne.

BIBI: Wote wakanywa dawa?

MJUKUU: Hapana, alikunywa yeye tu.

BIBI: Na wale watatu je? Walikufa?

MJUKUU: A-a, bibi! Nao walipona.

BIBI: Siku ya ngapi?

MJUKUU: Mmoja siku ya nne. Wengine siku ya tano, ya sita hivi.

BIBI: Umeinunua kwa shilingi ngapi?

MJUKUU: Elfu kumi.

BIBI: Mwanangu, hebu nieleze polepole. Hiyo elfu kumi imefanya kazi gani?

Ndugu msomaji, bibi huyu hakusoma udaktari. Hakuwa na maabara. Alifanya jambo moja tu: aliwauliza habari wale ambao hawakunywa dawa.

Tazama mizani ya dukani, ile ya zamani. Ina vitanga viwili. Kitanga kimoja kinabeba jiwe, cha pili kinabeba sukari. Muuzaji akikuonyesha kitanga kimoja tu, utajuaje uzito? Habari ya "fulani alitumia akapona" ni kitanga kimoja. Kitanga cha pili ni wale wasiotumia. Nao walikuwaje?

Watu wengi wanaougua korona hupona bila dawa yoyote maalumu. Kwa hiyo, chochote watakachokunywa siku hizo kitapewa sifa ya kuwaponya: majani, mizizi, vidonge, au hata chai ya tangawizi. Jogoo huwika, kisha jua huchomoza. Je, ni jogoo aliyelileta jua? Wazee wetu wa pwani walituonya zamani: usisafirie nyota ya mwenzio.

Lakini tujihadhari. Watu wanne wa nyumba moja ni wachache mno. Pengine wote walikuwa vijana wenye nguvu. Ili tupate hakika, lazima tupime watu wengi.

SWALI LA 2: Waliotumia walikuwa wangapi, wasiotumia walikuwa wangapi, na kila upande ulipata nini?

MIZANI YA BRAZIL

Watafiti wa Brazil na wenzao wa nchi nyingine waliamua kuipima ivamektini kwa vitanga viwili. Majibu yao yalichapishwa mwezi Machi 2022. Tuone walivyofanya, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza, walikusanya watu wenye korona ambao walikuwa katika hatari ya kuzidiwa.

Hatua ya pili, waliwagawa kwa kura. Kwa nini kura? Kwa sababu kama daktari angechagua mwenyewe, huenda angewapa dawa vijana na kuwaacha wazee, au kinyume chake. Kura haina upendeleo. Kila upande hupata wazee wake, wanene wake, na wagonjwa wa kisukari wake.

Hatua ya tatu, upande mmoja, watu 679, ulipewa ivamektini kwa siku tatu. Upande wa pili, watu 679, ulipewa kidonge bandia, yaani kidonge kisicho na dawa ndani. Mgonjwa hakujua amepewa kipi. Waliomwangalia nao hawakujua. Hivyo hakuna aliyejidanganya kwa matumaini.

Hatua ya nne, walihesabu waliozidiwa hadi kulazwa, au kukaa chumba cha dharura kwa zaidi ya saa sita.

Majibu ni haya:

Waliomeza ivamektini: watu 679, waliozidiwa 100.
Waliomeza kidonge bandia: watu 679, waliozidiwa 111.

Utasema, "Lakini 100 ni pungufu ya 111!" Ni kweli, umesoma vizuri. Sasa fanya jaribio hili. Rusha sarafu mara ishirini. Huenda upande wa kichwa ukatokea mara 11, na wa pili mara 9. Je, sarafu imerogwa? Hapana, ni bahati tu. Wataalamu wa hesabu walipima tofauti hiyo ya watu 11 wakaona kwamba bahati peke yake inaweza kuileta. Wakasema wazi kuwa hawakuona dawa hiyo ikipunguza kulazwa.

Sasa mtu atauliza, "Mbona tulisikia utafiti mwingine uliosema dawa inaokoa sana?" Naam, ulikuwapo. Utafiti mmoja kutoka Misri ulidai kwamba ivamektini imepunguza vifo kwa kiasi kikubwa mno. Uliwekwa kwenye intaneti kabla haujakaguliwa na wataalamu wengine. Watu walipoukagua, wakaona kasoro katika hesabu zake. Mwezi Julai 2021 uliondolewa. Lakini wakati huo neno lilikuwa limekwisha kuvuka bahari zote.

SWALI LA 3: Nani amekagua habari hii? Je, wengine wamejaribu wakapata jibu lile lile?

Tafadhali usielewe vibaya. Ivamektini ni dawa njema kwa kazi yake. Wagunduzi wake, Satoshi Ōmura wa Japani na William Campbell, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Wagawa dawa za matende wakija kijijini kwako, meza kama watakavyokuelekeza. Usiache kuimeza kwa ajili ya matende, wala usiinunue kwa ajili ya korona.

SASA TUPIME CHANJO

Haki ni haki. Kama tumeipima ivamektini, lazima tuipime chanjo kwa mizani ile ile. Tusiipe sifa kwa sababu imetoka serikalini, wala tusiitupe kwa sababu imetoka ng'ambo.

Tuchukue chanjo ya kwanza kutolewa Tanzania Bara, ya Johnson & Johnson. Kabla ya kuruhusiwa, ilijaribiwa kwa watu katika Afrika Kusini, Marekani na nchi za Amerika ya Kusini. Watu waligawanywa kwa kura. Upande mmoja ulichomwa chanjo, wa pili sindano isiyo na chanjo. Wakahesabiwa waliougua korona ya kiasi au kali, kuanzia siku 14 baada ya sindano:

Waliochanjwa: watu 19,630, walioougua 116.
Wasiochanjwa: watu 19,691, walioougua 348.

Namba hizi ni kubwa. Tuzipunguze. Katika kila watu 1,000 waliochanjwa, waliugua karibu 6. Katika kila watu 1,000 wasiochanjwa, waliugua karibu 18. Tofauti hiyo si ya sarafu. Tena katika jaribio hilo watu watano walikufa kwa korona. Wote watano walikuwa upande wa wasiochanjwa.

Umeona pia kwamba 116 waliugua ingawa walichanjwa. Kwa hiyo anayesema "ukichanjwa huugui kabisa" anasema uongo. Na kirusi kilibadilika baada ya jaribio hilo, kikawa hodari zaidi wa kuambukiza hata waliochanjwa. Lakini katika nchi nyingi ilionekana kwamba waliochanjwa walizidiwa mara chache zaidi na kufa mara chache zaidi.

Sasa tuweke madhara kwenye mizani. Wengi waliochanjwa waliumwa mkono, kichwa, au walipata homa na uchovu kwa siku moja au mbili. Wachache sana walipata tatizo kubwa la damu kuganda. Kule Marekani lilionekana kwa watu kama 3 au 4 katika kila dozi milioni moja, na baadhi yao walikufa. Kwa ajili hiyo Marekani ilisimamisha chanjo hiyo kwa siku kadhaa mwezi Aprili 2021 ili kuichunguza. Mwezi Mei 2022 ilipunguza matumizi yake, kwa kuwa chanjo za aina nyingine zilikuwapo.

Baadhi ya watu waliposikia hayo walisema, "Mnaona! Chanjo ni sumu." Lakini pima. Watu 3 au 4 katika milioni nzima ni wachache sana, na waligunduliwa kwa sababu kuna watu wanaoendelea kuhesabu hata baada ya dawa kuruhusiwa. Anayekuambia "chanjo haina madhara yoyote" hajapima. Anayekuambia "chanjo inaua watu" naye hajapima. Aliyepima atakuambia faida ni kiasi gani, hatari ni kiasi gani, na kwa mtu wa namna gani.

SWALI LA 4: Faida ni kiasi gani, na madhara ni kiasi gani? Nionyeshe vyote viwili.

Kwa mzee wa miaka sabini mwenye kisukari, kitanga cha faida ni kizito sana. Kwa kijana mzima ni chepesi zaidi. Kwa hiyo mzee, mjamzito, na mwenye ugonjwa wa kudumu waulize katika zahanati au kituo cha afya ni chanjo gani iliyopo sasa na kama inawafaa.

BARAKOA: JARIBIO LA VIJIJINI

Kuhusu barakoa, tunalo jaribio lililofanywa vijijini kama kwetu. Lilifanyika Bangladesh mwaka 2020 na 2021, katika vijiji 600 vyenye watu wazima zaidi ya laki tatu. Nusu ya vijiji viligawiwa barakoa bure na kuhimizwa kuzivaa. Vijiji vingine viliachwa kama vilivyokuwa.

Katika vijiji vilivyohimizwa, waliovaa vizuri walikuwa 42 katika kila watu 100. Katika vijiji vingine walikuwa 13 katika kila 100. Baadaye wenye dalili walipimwa damu. Vijiji vilivyohimizwa vilikuwa na wagonjwa pungufu kwa karibu asilimia 9. Palipogawiwa barakoa za hospitali, watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi waliugua pungufu kwa karibu theluthi moja. Kwa barakoa za kitambaa, faida haikuonekana wazi hivyo.

Tunajifunza nini? Barakoa si ngome. Inapunguza, haimalizi. Lakini kumbuka kwamba hata katika vijiji vilivyohimizwa, zaidi ya nusu ya watu hawakuvaa. Hata hivyo wazee walipata nafuu.

Basi tuvae kwa akili. Juu ya mashua wazi penye upepo mwingi, hatari ni ndogo. Ndani ya boti iliyojaa abiria, turubai limefungwa kwa sababu ya mvua na mtu anakohoa, hatari ni kubwa: vaa. Ukienda zahanati, vaa. Ukimtembelea mzee mgonjwa, vaa. Ukiwa na kikohozi na mafua mwenyewe, vaa ili kumlinda jirani yako, na funika pua pamoja na mdomo. Barakoa iliyo kidevuni inalinda kidevu.

PAPAI NA NYUNGU

Mambo mawili bado yanazungumzwa sana, tuyapime pia.

La kwanza ni papai. Tarehe 3 Mei 2020, Hayati Rais John Magufuli alieleza akiwa Chato kwamba sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, na baadhi zikarudi na jibu la kuwa na korona. Kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa kilijibu kwamba vipimo vyenyewe vilikuwa vizuri. Watu wengi waliamua kwamba ugonjwa wote ni uongo.

Tuseme hata kama maabara ilikosea. Mizani ya duka ikiwa mbovu, je, sukari imetoweka duniani? Haikutoweka. Tunatengeneza mizani, au tunatafuta nyingine. Kosa la kipimo ni sababu ya kupima tena. Haliondoi wagonjwa vitandani.

La pili ni nyungu, yaani kujifukiza. Mvuke unaweza kumpa nafuu mtu aliyebanwa na mafua. Lakini hakuna jaribio la vitanga viwili lililoonyesha kwamba unaua virusi vya korona mwilini. Tena maji ya moto huunguza, hasa watoto. Usimfunike mtoto na chungu cha moto. Na mtu mzima akijifukiza, asihesabu kwamba amekwisha kutibiwa.

Mgonjwa akipumua kwa shida, akiumwa kifua, akichanganyikiwa, au midomo yake ikibadilika rangi, mpeleke kituo cha afya mara moja. Usisubiri kesho uone kama nyungu imefanya kazi. Huenda kesho kukawa na upepo.

MASWALI MANNE YA KUBANDIKA UKUTANI

Nakili maneno haya katika daftari lako kwa mwandiko mkubwa:

1. Imejaribiwa wapi: katika chombo, kwa wanyama, au kwa watu?
2. Waliotumia na wasiotumia walikuwa wangapi, na kila upande ulipata nini?
3. Nani amekagua, na je, wengine wamepata jibu lile lile?
4. Faida ni kiasi gani na madhara ni kiasi gani?

Mtu akikujibu maswali yote manne, msikilize. Akikujibu moja tu, subiri. Akikasirika kwa sababu umemwuliza, shika mfuko wako.

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Karibu watu milioni mbili nchi nzima walisikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Walijifunza kwa kuulizana. Nasi tufanye hivyo. Kujua kusoma ni pamoja na kujua kuyauliza maswali yale tunayoyasoma.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kitanga: sehemu ya mizani inayowekwa kitu kinachopimwa.
Kidonge bandia: kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani.
Kirusi: kijidudu kidogo mno kinacholeta ugonjwa kama korona. Vikiwa vingi ni virusi.
Dozi: kiasi cha dawa ambacho mtu anapaswa kutumia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Bibi alimwuliza mjukuu wake habari za watu watatu ambao hawakunywa dawa. Kwa nini aliuliza hivyo?
2. Katika jaribio la Brazil, kwa nini watu waligawanywa kwa kura?
3. Mtu anauza dawa gatini Kilindoni. Anasema imewaponya watu mia moja. Mtamwuliza nini?
4. Hesabu hii: kati ya watu 1,000 waliochanjwa waliugua 6, na kati ya 1,000 wasiochanjwa waliugua 18. Wasiochanjwa waliugua mara ngapi zaidi?
5. Katika kijiji chenu, mzee akizidiwa usiku wakati wa kusi, ni chombo gani kitamvusha, nani nahodha, na mafuta yatatoka wapi? Kubalianeni leo, muandike majina.